Alama Nane Chini ya Kitambaa Kipya

Ban Non Kho, 11 Julai

Mjomba Mtawa,

Nakuinamia mara tatu hapa hapa mezani, na mama anasema niongeze tatu zake, kwa sababu goti lake siku hizi halikunjiki.

Najua ulipovaa vazi la utawa miaka kumi na moja iliyopita ulituambia umeachana na magari, hutaki hata kunusa dizeli. Samahani basi, leo nakunusisha. Fundi ninayemwamini ni mmoja tu, naye yuko mlimani kusiko na simu na hata bisibisi hashiki tena.

Habari yenyewe ni figo za mama. Tangu Aprili anasafishwa damu hospitali ya mkoa, mara mbili kwa wiki, kilomita sabini na nne kwenda na nyingine sabini na nne kurudi. Gari dogo lililokuwa likiwakusanya wagonjwa wa huku limeacha kuja. Mwezi uliopita alikosa mara mbili, akavimba mpaka macho yakabaki mistari. Daktari aliniita nje ya mlango akaniambia kwa upole kwamba akikosa tena namna ile, huenda safari inayofuata tusiwahi. Mama alikuwa amekaa upande wa pili wa mlango anakula ndizi aliyokatazwa.

Nimepata pikapu kwenye yadi moja mjini. Ni ya dizeli, ya kijani, ya mwaka 1992, ina kiti kirefu mbele ambacho mama anaweza kujilaza. Mita yake ina tarakimu tano tu, ikijaa inarudi sifuri. Sasa inasoma 58,214, na mwenye yadi, Bwana Kriang, anasema imezunguka mara moja, yaani jumla ni laki moja na nusu na kidogo. Nikamwambia mama kazaliwa Jumamosi, na kwa imani yetu kijani ni nuksi kwa wa siku hiyo. Akaingia ofisini akatoka na karatasi ya kubandika nyuma ili kuidanganya nuksi, imeandikwa GARI HILI NI JEUSI. Kwa hiyo hilo tumeshalimaliza.

Mimi kwenye gari najua kukaa tu, Mjomba. Niangalie nini, nisije nikampakia mama yangu kwenye kitu kitakachotufia njiani?

Wako,
Duangta


Mlimani, 19 Julai

Duangta,

Baraka kwako na kwa mama yako. Mwambie aache ndizi.

Karatasi ya rangi haijawahi kupoza injini. Nisikilize mimi. Kuanzia tarehe 28 tunaingia miezi mitatu ya mvua ambayo mtawa halali nje ya monasteri, kwa hiyo kuja siwezi. Macho yatakuwa yako.

Nenda asubuhi, na usimwambie mtu kwamba unakwenda. Kabla hujamsalimia yeyote, weka kiganja kwenye boneti. Kama ni ya moto, ujue wameshaiwasha ili usione inavyosumbua ikiwa baridi, nawe rudi nyumbani ukale wali wako. Kama ni baridi, fungua kifuniko cha oili ukitazame kwa chini. Ukikuta utando mzito mweupe kama tui la nazi, maji yameingia kwenye oili, na hapo hatuna mazungumzo. Kisha waambie wawashe, wewe ukasimame nyuma ya silensa. Moshi mweusi kidogo mwanzoni si neno, ndiyo dizeli yenyewe. Wa bluu unaoendelea ni injini inayokunywa oili. Mweupe usiokwisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaungua.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Watu huosha viti, huosha zulia, lakini ile sehemu ya mkanda inayojificha ndani hawaikumbuki. Ukiwa na tope, gari hilo liliwahi kulala kwenye mafuriko. Vaa suruali chakavu ulale chini yake, ugonge chesisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Halafu iendeshe kwenye mwinuko wa daraja ukiwa gia ya tatu, na barabara ikinyooka uachie usukani kidogo uone inaelekea wapi.

Mita usiisome, kwa sababu mita husema anachotaka muuzaji. Soma mpira wa pedeli ya klachi, soma usukani pale mikono inaposhika.

Na mwisho, inua macho. Gari la umri huo lazima lilipelekwa kwa mtawa, naye akachora alama za baraka kwa unga mweupe kwenye dari, juu ya kichwa cha dereva. Muuzaji atabadilisha viti, atabadilisha pedeli, hata mita, lakini hakuna mtu wa kwetu, hata awe mwizi, atakayethubutu kufuta alama zile. Kama kitambaa cha dari ni kipya kuliko viti, bandua pembe uchungulie, maana kila mmiliki mpya huongeza alama zake.

Mjomba wako,
Mtawa Wichit


Ban Non Kho, 27 Julai

Mjomba Mtawa,

Nakuinamia. Naandika haraka, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Boneti ilikuwa baridi. Kifuniko cha oili kilikuwa kisafi. Walipoiwasha haikuchukua hata sekunde mbili, ikatoa moshi mweusi mara moja ikatulia, na mimi nikaendelea kusimama nyuma ya silensa mpaka Bwana Kriang akaniuliza kama naota moto. Mkanda haukuwa na tope. Nililala chini nikagonga, chuma kikalia chote, isipokuwa karibu na gurudumu la nyuma kushoto, ambako kilinyamaza kwa upana wa kiganja. Darajani ilipanda na gia ya tatu bila kunung'unika. Gia ya pili ndiyo iliyogoma mara mbili kabla ya kuingia.

Ila mpira wa klachi ulikuwa mpya, na usukani umevalishwa ngozi. Na dari ilikuwa na kitambaa cheupe pee, wakati viti vimepauka. Bwana Kriang alikuwa anaongea na simu. Nikachomoa kibanio cha nywele, nikabandua pembe.

Sijui nikuelezeje. Nilitegemea kuona alama za siku moja, zile nukta zinazopangwa zikichongoka juu kama paa. Nilikuta kundi, pembeni yake kundi jingine, nyuma yake mengine tena. Za mbele zimegeuka rangi ya chai, za nyuma bado nyeupe, na mkono uliochora si mmoja. Nyingine zimenyooka, nyingine ni za mtawa mzee ambaye kidole kilikuwa kinamcheza. Nikahesabu makundi manane. Nilishtukia nimevua viatu, nimekaa kwenye kiti cha dereva peku, na sikumbuki nilivivua saa ngapi.

Bwana Kriang alipoona kitambaa kinaning'inia, alikutanisha viganja akaiinamia dari kwanza, ndipo akanigeukia kunifokea. Akasema walifunika tu zisishike vumbi. Sikubishana naye. Niliomba kadi ya gari nikaisoma pale pale nikidhani nitakuta majina manane, kumbe mmiliki ni mmoja tangu mwanzo, miaka ishirini na sita: Prayun, msambazaji wa barafu wa Huai Sai.

Mtu mmoja anapeleka gari lake kubarikiwa mara nane kwa nini? Lilipinduka mara nane? Nikimbie? Jana mama tulimfikisha barabara kuu kwa trekta la jirani, ndipo tukapata lifti. Alichelewa saa moja na nusu, wakamsafisha nusu ya muda wake tu.

Na wewe habari ya kitambaa cha dari uliijuaje?

Duangta


Mlimani, 5 Agosti

Duangta,

Usinunue, na usikimbie.

Mmiliki mmoja na makundi manane, hilo sijaliona katika miaka yangu yote ya gereji. Nimelifikiria wakati nafagia uwanja mpaka mkuu wa monasteri akaja kuniuliza mbona nafagia pale pale.

Barafu hudondosha maji, na kile kimya cha nyuma kushoto kimetoka huko. Hapo patachomelewa. Gia ya pili kugoma asubuhi ni uzee wa kawaida, hata mimi nina magoti. Hayo hayanipi hofu. Kinachonishangaza ni injini ya umri huo kuwaka kwa sekunde mbili ikiwa baridi. Ama waliipandikiza kutoka gari jingine, ama kuna mtu aliitunza kwa namna ambayo mimi sijawahi kutunza kitu chochote maishani.

Mtafute huyo Prayun. Usimuulize gari limetembea kiasi gani, muulize alikuwa anamwaga oili lini. Kilomita mtu yeyote anaweza kuzitunga, lakini asiyemwaga oili hawezi kukutajia siku bila kufikiri.

Mtawa Wichit


Ban Non Kho, 14 Agosti

Mjomba Mtawa,

Nakuinamia, na leo kuna mtu mwingine nilitamani kumwinamia.

Mzee Prayun yuko hai, ana miaka sabini na nane, macho yamemfifia. Nilimkuta barazani anamenya vitunguu saumu. Nilipotaja pikapu ya kijani alifuta mikono kwenye shuka yake, akauliza kabla hata sijakaa, "Gia ya pili bado inanuna asubuhi?"

Nikamuuliza ulichoniagiza, oili alikuwa anamwaga lini. Akajibu papo hapo, mwezi mpevu. Kila siku alichukua barafu kiwandani akaisambaza vijiji kumi na kimoja, kilomita themanini na kitu, na kiwanda kilifungwa siku moja tu kwa mwezi, siku takatifu ya mwezi mpevu. Wenzake siku hiyo walilala. Yeye alimwaga oili asubuhi, akaoga, akaenda hekaluni. Nikamtania, hata mwezi ulipopevuka siku ya harusi ya binti yako? Akasema siku hiyo aliimwaga akiwa amevaa shati la harusi, na mkewe hakumsemesha mpaka mwezi uliofuata. Miaka ishirini na sita, Mjomba. Nilipiga hesabu njiani nikapata zaidi ya mara mia tatu.

Na zile alama ni hivi. Kundi la kwanza ni la siku gari lilipotoka dukani. Baada ya hapo, kila mita ilipojaa na kurudi sifuri, alilipeleka tena kwa mtawa, kwa sababu aliona limezaliwa upya na haliwezi kuanza safari bila baraka. Limezaliwa upya mara saba. Ni kilomita laki saba na elfu hamsini na nane, zote na barafu mgongoni. Alinihesabia hayo, kisha akaendelea kumenya vitunguu.

Hakunificha maradhi yake. Gasketi iliungua katika mzunguko wa nne, na springi za nyuma zimechoka. Macho yalipomzuia kuendesha, wanawe waliipeleka yadi siku ambayo yeye hakuwepo. Ameniomba tukiinunua tupite nayo, aisikilize tu.

Nilimsimulia mama. Akasema wewe ukisema apande atapanda, na usiposema hapandi hata ikiwa ya dhahabu. Kwa hiyo neno ni lako. Bwana Kriang anatungoja mpaka mwisho wa mwezi. Alhamisi hatukupata usafiri kabisa, na vifundo vya miguu ya mama ukivibonyeza vinabaki na shimo. Naogopa, Mjomba.

Na bado hujanijibu ulijuaje habari ya dari.

Duangta


Mlimani, 21 Agosti

Duangta,

Zaidi ya mara mia tatu, na mojawapo akiwa na shati la harusi. Nimekaa na jambo hilo tangu asubuhi. Huku tunajifunza kufanya kitu kimoja kidogo kwa moyo wote, kila siku, bila mtu kutuona, na wengi wetu tunashindwa wiki ya pili. Yule ameweza kwa robo karne akiwa na karai la oili chafu. Mtawa haruhusiwi kumwinamia mlei, vinginevyo ningeinama kuelekea Huai Sai.

Pikapu ni nzima. Chomelea pale palipooza, badilisha springi za nyuma na mipira ya rejeta, na siku za mwezi mpevu usizivunje. Itambeba mama yako.

Lakini yeye anataka kupanda kwa neno langu, basi ajue kwanza ni neno la mtu gani. Umeniuliza mara mbili nilijuaje. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafunika. Kwa miaka tisa, kwenye yadi moja ambayo siku hizi haipo, nilirudisha mita nyuma, nikabadilisha pedeli, na dari zenye alama nyingi nikazivika kitambaa. Kufuta hakuna aliyethubutu. Tuliambiana kwamba kufunika si kufuta, tukajiona tumesalimika, tukaenda kula tambi.

Pikapu nyekundu ya baba yako, Khamsing, ilitoka pale. Siku Khamsing alipokuja kuinunua mimi sikuwepo. Nilipoikuta imeegeshwa kwenu niliitambua, maana ni mkono wangu ulioirudisha kutoka laki tatu na arobaini elfu hadi tisini elfu. Jioni ile nilikula kwenu na sikusema kitu. Ilipokufa baada ya miezi minane, Khamsing alisema mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyeiua, kwamba ana mguu mzito kwenye pedeli ya mafuta. Akawa anasema hivyo miaka yote mpaka alipofariki, na watu walikuwa wanamcheka. Mimi nilicheka pamoja nao. Nilivaa vazi hili mwaka mmoja baada ya kuuchoma mwili wake, nanyi mkadhani nimechoka na kelele za gereji.

Msomee mama yako maneno haya yote, usiruke hata mstari. Kisha aamue mwenyewe.

Wichit


Hospitali ya mkoa, 6 Septemba

Mheshimiwa mdogo wangu,

Nakuinamia, ingawa mimi ndiye niliyekufuta makamasi. Naandika mwenyewe. Mkono wa kushoto uko kwenye mashine, wa kulia hauna kazi, na nitakaa hapa kwa muda wa saa nne.

Duangta alinisomea barua yako. Alipofika kwa baba yake nikaona macho yanaruka mistari, nikamwambia arudi nyuma. Alipomaliza alilia kwa hasira, akasema neno lako halitaki tena na pikapu ya neno lako haitaki. Siku mbili hakuitaja. Nami miguu ilikuwa imejaa maji, napumua kwa kukaa.

Sasa nisikilize. Khamsing alijua.

Mwezi wa pili tu tangu ainunue, mvua ilivuja kwenye ile nyekundu. Akabandua kitambaa cha dari akianike, akakuta alama chungu nzima. Akakinusa kile kitambaa, kisha akaniita nikinuse. Ilikuwa ile gundi yako ya viatu, uliyokuwa unabandikia kila kitu pale nyumbani, mpaka kapu langu la wali. Hakuna fundi mwingine mkoa mzima aliyekuwa na wazimu huo. Nilichukua mchi nikufuate. Alinishika mkono, akasema, "Tukimwambia tunajua, hatakuja kula tena, na hana kwingine pa kula."

Gari lilipokufa watu walianza kuuliza lilitoka yadi gani na nani anafanya kazi pale. Ndipo akaanza ile hadithi ya mguu. Mguu wa Khamsing haukuwa na uzito wowote, Wichit. Alikuwa anaendesha polepole mpaka kuku wanampita. Niliapa kwake kwamba sitasema, na leo nimevunja. Tutagombana huko nitakapomkuta, ila kwa sasa siendi, kwa sababu wiki hii nimefika hapa mara mbili na sijachelewa hata dakika.

Haya yote nilimwambia Duangta kwenye ngazi siku ya pili ya hasira zake. Nikamwambia mtu aliyejitaja mwenyewe bila kubanwa na mtu, gari atakalosema ni zima mimi napanda, na kama yeye anataka nife nikimsubiri apoe, basi aendelee kununa. Alikaa, akauliza baba alikuwa mtu wa namna gani kumbe. Niliishi naye miaka ishirini na minane na jambo hilo bado linanishinda kulielewa. Asubuhi yake alikwenda kuichukua.

Inaunguruma kama paka mzee. Nimejilaza kwenye kiti, natazama zile alama juu yangu, kitambaa tumekitoa. Tulipita Huai Sai kama yule mzee alivyoomba. Alisimama kando na macho yake yale, injini inawaka, angeweza kuisikiliza asubuhi nzima. Duangta akazima, akamwomba aiwashe yeye mwenyewe. Ikaitika mara ya kwanza. Saa yangu ya mashine ilikuwa inakaribia, tukaondoka.

Usijitese huko mlimani kuhusu wali wetu. Kila jioni ulikuja, ukakaa mkekani umeinamisha kichwa, na mimi kwa hasira nilikuwa nakupakulia kidogo. Khamsing ndiye aliyekuwa ananigusa goti, ananinong'oneza, mwongezee.

Dada yako,
Pranom